Motokaa za Safari na Yaliyozivunja

Wasikilizaji wetu, kwetu Kikwajuni gari la abiria lenye mwili wa mbao, lile watu waliitalo chai maharage, halisifiwi kwa mbio. Husifiwa kwa kufika. Leo twataka kueleza habari za mashindano makubwa ya motokaa yaliyofanywa katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki, ambayo kwa miaka mingi yaliwafundisha wenye viwanda vya Ulaya maana ya neno hilo, kufika.

Mashindano hayo yalianza tarehe 27 Mei 1953, yakaisha tarehe 1 Juni, siku moja kabla ya Malkia Elizabeth wa Pili kuvishwa taji huko London. Ndiyo maana yaliitwa Safari ya Kutawazwa. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, wala haikuvuka bahari kuja Unguja. Inafaa tukumbuke kwamba wakati ule Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Basi wengine walikuwa wakishindana kwa furaha katika njia zile zile ambazo wenziwao walisimamishwa na askari kuonyesha vipande vyao.

Katika miaka ile ya kwanza motokaa ziligawanywa kwa bei zake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Shabaha ilikuwa kujua ni motokaa gani anunuayo mtu wa kawaida iwezayo kuvumilia barabara za huku. Aliyepata makosa machache mwaka ule wa 1953 alikuwa Alan Dix, naye aliendesha Volkswagen ndogo, ambayo injini yake hupozwa kwa upepo. Haina redieta, na kisicho na redieta hakitoboki redieta.

Na tutazame sasa ni mambo gani yaliyozivunja motokaa hizo. Adui wa kwanza ni vumbi. Vumbi jekundu la barabara za udongo ni laini kama unga, nalo likipenya katika chujio la hewa huingia ndani ya injini, likachanganyika na mafuta, likawa kama msasa. Pistoni husugua kuta zake mpaka zikalegea, na injini ikaanza kutoa moshi na kupoteza nguvu. Dereva hasikii kitu siku ya kwanza. Siku ya tatu ndipo asikiapo.

Adui wa pili ni mvua. Mashindano haya kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, yaani mwanzo wa masika, na kila mkulima ajua masika ni nini. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hushika magurudumu kama gundi, tena huziba mbele ya redieta, hewa isipite, maji yakachemka. Maji ya mto nayo huingia katika nyaya za umeme wa injini, cheche ikazimika katikati ya kivuko. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, na zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Mwaka 1968 zikafika 7 tena. Ajabu ni kwamba miaka yote miwili washindi walikuwa watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na motokaa yao ilikuwa Peugeot 404. Jambo likitokea mara moja twaweza kuliita bahati. Likitokea mara mbili lataka jina jingine.

Khasa lililo baya, kwa maoni yetu, ni lile lisiloonekana. Barabara ya udongo ikipitwa na magari mengi hufanya mawimbi madogo madogo kama bati la paa. Motokaa ikienda juu yake kwa mbio hutetemeka saa nyingi bila kupumzika. Vizuia-mtikisiko vilivyo karibu na magurudumu hupata moto, mafuta yaliyomo hugeuka povu, na tangu hapo springi hurukaruka peke yake mpaka ikakatika. Skrubu hulegea, tangi la petroli hupata ufa, betri huvunja kibao chake. Tena liko jambo la mwinuko: mtu atokaye Dar es Salaam, penye usawa wa bahari, akipanda hadi Nairobi, penye mita zaidi ya 1,600, hewa huwa nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa pwani humimina petroli kupita kiasi.

Kwa sababu hiyo mara nyingi waliofaulu walikuwa wenye mikono ya kifundi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alijifunza kazi katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika, si mpya. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Lancer. Bert Shankland wa Tanzania naye alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot.

Je, motokaa za mbio zenyewe, zile za chini chini za watu wawili? Hatusemi kwamba hazifai. Datsun 240Z ni ya jamii hiyo, nayo ilishinda mwaka 1971 ikiongozwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda. Lakini Lancia Stratos, iliyowapa wenyewe ubingwa wa dunia mwaka 1974, 1975 na 1976, haikupata kushinda Safari hata mara moja.

Wala jambo hili halikuisha pamoja na watu wa zamani. Mashindano yaliondolewa katika orodha ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, yakarudishwa mwaka 2021 huko Naivasha. Mwaka huo Thierry Neuville alikuwa akiongoza mpaka siku ya mwisho. Kizuia-mtikisiko cha gurudumu la nyuma kikavunjika, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier.

Vitabu vya mashindano vimeandika majina ya madereva na ya viwanda. Havikuandika majina ya wanavijiji waliovua viatu, wakaingia topeni, wakazisukuma motokaa hizo usiku wa masika mpaka zikashika njia.