Nyanza, Nyanja na Nyasa: Nasaba ya Neno na Historia ya Mwambao wa Mwanza

Mnamo tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke aliyaona maji ya ziwa akiwa juu ya kilima karibu na Mwanza. Aliandika kuwa wenyeji waliliita Nyanza, kisha akaliongezea jina la Malkia Victoria. Ramani zilizofuata ziliyaunganisha majina hayo mawili kana kwamba yote ni majina pekee. Makala haya yanatoa hoja kwamba nyanza ilikuwa nomino ya kawaida yenye maana ya maji makuu, na kwamba kulichukulia neno hilo kama jina la ziwa moja kunapotosha usomaji wa vyanzo vya karne ya 19.

Ushahidi wa kwanza ni wa kiisimu. Kisukuma kina nyanza, Kiganda ennyanja, Kichewa nyanja na Kiyao nyasa. Nchini Rwanda inyanja humaanisha bahari. Ufanano huu si wa bahati. Pale Kiswahili kinaposema njaa, Kiganda husema enjala na Kichewa njala, ilhali Kisukuma husema nzala. Mwachano huohuo wa nj na nz ndio unaotenganisha nyanja na nyanza. Kwa hiyo, maneno hayo ni ndugu waliorithiwa kutoka Kibantu cha kale. Kutokana na nasaba hiyo, anayesema Ziwa Nyasa kwa hakika anasema ziwa mara mbili.

Majina pekee ya maji ya Mwanza yalikuwapo, nayo yalitofautiana. Waganda waliliita ziwa hilo Nalubaale, kwa kulihusisha na mizimu ya balubaale. Wajaluo waliliita Nam Lolwe, ambapo nam ndilo neno lao la ziwa. Nao wafanyabiashara wa misafara walilijua kwa jina la kisiwa cha Ukerewe. Kila jina lilibeba mtazamo wa watu wake. Nyanza, kinyume chake, lilieleza aina ya maji tu.

Utata kuhusu maziwa ya bara ulikuwapo kabla ya Speke. Ramani ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, iliyochapishwa mwaka 1856, ilichora bahari moja kubwa katikati ya bara. Wasafiri walioondoka katika miji mbalimbali ya pwani walikuwa wameeleza kwamba mwisho wa njia zao ni maji makubwa. Mchora ramani akayafanya maji hayo kuwa mamoja. Safari za Burton na Speke mwaka 1858, na ya Livingstone katika Ziwa Nyasa mwaka 1859, zilionesha kuwa maziwa hayo yalikuwa matatu. Taarifa za wasafiri hazikuwa za uongo. Kosa lilikuwa katika namna zilivyounganishwa.

Hoja hii inagusa pia jina la Mwanza. Husimuliwa mara nyingi kuwa Mwanza ni nyanza lililoharibiwa na matamshi ya wageni. Hata hivyo, Speke mwenyewe aliandika Muanza kwa mahali na Nyanza kwa maji. Maneno hayo yaweza kuwa na asili moja, lakini mji haukulipata jina lake kwa kosa la wakoloni wa Kijerumani waliofika miongo kadhaa baadaye.

Mfano wa mbali unaunga mkono mwelekeo huu. Katika lugha za Kiaustronesia, danau la Kimalei na ranao la Kimaranao ni maneno ndugu yenye maana ya ziwa. Huko Ufilipino, Wamaranao hujiita watu wa ziwa, na eneo lao huitwa Lanao. Vivyo hivyo, Wanyanja wa Malawi ni watu wa ziwa, na magharibi mwa Kenya Nyanza likawa jina la jimbo.

Inahitimishwa kuwa nomino ya kawaida hugeuka jina pekee pale jamii inapoyaona maji fulani kuwa ndiyo maji yenyewe, au pale mgeni anapoandika jibu bila kulielewa swali lake. Katika Wanyanja na Wamaranao yalitokea ya kwanza. Katika ramani ya Speke yalitokea ya pili. Mtafiti wa historia ya Mwanza anapokutana na Nyanza katika maandishi ya zamani, hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyesema, kwa lugha gani, na alikuwa amesimama kando ya maji yapi.