Kabla ya kumuuliza mke

Ndoa ikikaa miaka bila mtoto, iwe Mbinga mjini au Mbamba Bay, mara nyingi wa kwanza kuulizwa ni mke. Mume naye akipimwa, ataulizwa ya ukubwani: pombe, sigara, magonjwa ya zinaa. Lakini ndugu msomaji, ni nani humuuliza alizaliwa na kilo ngapi?

Sayansi yenyewe ilichelewa kuuliza. Mwaka 1989 Mwingereza David Barker na wenzake walifukua daftari za wakunga wa Hertfordshire, wakakuta wanaume waliozaliwa wadogo walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka 2001 Niels Skakkebæk wa Copenhagen akaleta hoja kwamba korodani zisizoshuka, mbegu chache na saratani ya korodani vinaweza kuwa na mzizi mmoja, tena tumboni mwa mama.

Inakuwaje? Korodani huanzia juu, karibu na figo. Homoni za kiume hufanya kazi kubwa mapema, kabla mimba haijafika nusu. Kisha miezi ya mwisho korodani hushuka mfukoni. Ndiyo maana njiti na watoto wa chini ya kilo 2.5 huzaliwa na tatizo hili zaidi. Hata kwa waliotimiza miezi, ni wavulana 2 hadi 4 kwa kila 100.

Sasa njoo kwetu. Mbinga kwenye kahawa kuna baridi. Ukiteremka Liuli ni joto na mbu. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakichunguza akina mama wa Kisumu, walionyesha jinsi vimelea vya malaria vinavyonata kwenye kondo la nyuma. Mtoto hukosa chakula, anazaliwa mdogo, hasa mimba ya kwanza. Kwa hiyo chandarua na vidonge vya SP vya kliniki humlinda mama, na pia uzito wa mtoto.

Siyo kwamba kila aliyezaliwa mdogo atakosa watoto. Wengi wanazaa vizuri tu. Ila bibi au mama anayemwogesha mtoto wa kiume amguse taratibu, maji yakiwa ya uvuguvugu: ziko mbili? Akifika miezi 6 na moja haijashuka, apelekwe hospitali. Upasuaji hufaa kabla ya miezi 18, kwani joto la tumboni huharibu korodani polepole. Ukimsubiri mpaka aoe, umechelewa.