Harold Shaw na filamu iliyogawanya Afrika Kusini

Mwaka 1916, filamu zikiwa bado hazina sauti, mwongozaji Mmarekani Harold Shaw alitengeneza De Voortrekkers, miongoni mwa filamu ndefu za mwanzo barani Afrika.

Wapo wanaomhesabu kuwa mwasisi wa sinema ya Afrika Kusini. Wengine wanasema aliwapaka matope Wazulu.

Kutoka Tennessee

Shaw alizaliwa Tennessee mwaka 1877. Alikuwa mwigizaji, kisha mwongozaji katika kampuni ya Edison, na mwaka 1913 akahamia London.

Kutoka huko aliitwa Johannesburg na kampuni ya African Film Productions, mali ya tajiri I. W. Schlesinger.

Kisa cha Natal

Filamu hiyo inasimulia safari ya Makaburu kutoka Rasi kwenda Natal. Kiongozi wao, Piet Retief, alifika Port Natal, ambayo leo ni Durban, mwaka 1837 akitafuta ardhi. Februari 1838 aliuawa pamoja na wenzake kwa amri ya Mfalme Dingane.

Tarehe 16 Disemba mwaka huo, katika mto Ncome, Makaburu wenye bunduki waliwaua Wazulu wanaokadiriwa kufikia 3,000.

Hadithi iliandikwa na Gustav Preller, mtetezi wa utaifa wa Makaburu. Dingane anaonyeshwa kuwa katili na msaliti. Mzulu anayesifiwa ni Sobuza, anayeukana utawala wa mfalme wake na kuwatumikia wazungu.

Wafanyakazi weusi wa migodini ndio walioigiza jeshi la Wazulu. Walipokuwa wakipigwa picha za vita, mapigano ya kweli yalizuka na watu wakajeruhiwa.

Urithi wenye utata

Filamu ilizinduliwa Krugersdorp tarehe 16 Disemba 1916, na ikawa sehemu ya kumbukumbu za Makaburu za kila mwaka.

Shaw alikosana na Schlesinger, akatengeneza peke yake The Rose of Rhodesia mwaka 1918. Humo mna chifu Mwafrika anayedai ardhi kwa ajili ya watu wake, jambo linalowafanya baadhi ya wahakiki wasite kumhukumu kwa filamu moja tu.

Alifariki dunia katika ajali ya gari nchini Marekani mwaka 1926.

Tangu mwaka 1995, tarehe 16 Disemba ni Siku ya Maridhiano nchini Afrika Kusini. Hata hivyo, picha za Shaw zingalipo, na waliozoea kuzitazama kama historia walikuwa wakisikiliza upande mmoja tu wa mto Ncome.