Misuli isiyolingana

Misuli isiyolingana ni hali ya msuli wa upande mmoja wa mwili kuwa na nguvu au unene zaidi kuliko mwenzake, au kundi moja la misuli kulizidi lile linalofanya kazi kinyume chake. Kwa mfano, katika Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate nchini Kenya, iliyoanzishwa 1984, wapandaji wa Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba wa volkano yenye kimo cha mita 25 hivi, hutumia mno mgongo na vigasha; kifua hupata kazi ndogo. Wanahitaji pushapu.

Kwa wanyanyua vyuma, chuma kirefu huficha kasoro, kwani upande wenye nguvu humbebea mwenzake. Dambeli ni bora: anza na mkono dhaifu, nao uamue idadi ya marudio, wenye nguvu usizidishe. Mwaka 1894, mwanasaikolojia Edward Scripture wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha kwamba kuzoeza mkono mmoja huongeza nguvu hata kwa ule uliopumzika, jambo lenye faida kubwa kwa aliyeumia.

Tofauti ndogo ni ya kawaida. Msuli ukisinyaa ghafla au ukifa ganzi, acha vyuma, muone daktari.