Magari ya Rimoti na Sanduku la Vipuri

Mashua na ndege ndogo zilianza kuendeshwa kwa mawimbi ya redio miongo mingi kabla ya gari dogo. Nikola Tesla alionyesha mashua yake isiyo na nahodha huko New York mwaka 1898, na mwaka 1937 ndugu wawili Wamarekani, Walter na William Good, waliirusha ndege yao iliyoitwa Guff. Gari halikuchelewa kwa uvivu wa mafundi. Vipokezi vya zamani vilitumia vali za kioo na betri nzito, na amri zake hazikuwa na kadiri: ukibonyeza, usukani unakatika wote upande mmoja, ukiachia, unarudi katikati. Ndege ina anga nzima ya kurekebisha kosa hilo na mashua ina bwawa, lakini gari lina upana wa njia tu. Ilibidi kwanza ije transista, iliyopunguza ukubwa na uzito wa vyombo, kisha mifumo ya miaka ya 1960 iliyoyafanya magurudumu yakate kona kwa kiasi kilekile ambacho mkono umesogeza kijiti cha rimoti.

Mwaka 1966 kampuni ya El-Gi, ya mji wa Reggio Emilia nchini Italia, ilitoa Ferrari 250LM ya umeme kwa kipimo cha 1:12, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa gari la kwanza la aina hii kuuzwa madukani. Uingereza ikapata watengenezaji wake, mashuhuri wakiwa Mardave wa Leicester. Lakini wapenda mashindano hawakukaa kwenye umeme. Walihamia magari ya kipimo cha 1:8, yenye injini ndogo inayochoma methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha na nitromethani. Mwaka 1977 magari hayo yalishindaniwa ubingwa wa dunia huko Pomona, California.

Mgeni hakuwa na nafasi kubwa katika mchezo huo. Injini ilitaka kuwashwa kwa ustadi na kabureta kurekebishwa kwa sikio, na chesisi iliyokaribia kugusa ardhi ilidai lami laini, tena mahali ambapo majirani wangevumilia kelele. Ulikuwa mchezo wa watu wazima wenye karakana na muda.

Aliyeubadilisha alitoka Shizuoka, Japani, na hakuwa fundi wa mashindano. Yoshio Tamiya alianzisha biashara ya mbao mwaka 1946. Moto wa mwaka 1951 uliteketeza ghala lake, na baada ya hapo kampuni ikaegemea vinyago vya kuunganisha, kwanza vya mbao, kisha vya plastiki kuanzia mwaka 1960. Mwanawe, Shunsaku Tamiya, alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kifanane na chenyewe. Walipokuwa wakiandaa kinyago cha Porsche 934, alinunua gari halisi la Porsche 911 na kulifungua kipande kwa kipande ili kulichunguza. Kinyago hicho kilikuwa cha kuwekwa kabatini, lakini kilikuwa na ukubwa wa kutosha kubeba mota, betri na kipokezi. Mwishoni mwa 1976 likatoka toleo la rimoti.

Hesabu ya biashara ilikuwa nyepesi kuelewa. Tamiya tayari walikuwa na wateja waliozoea kufungua sanduku, kukata vipande vya plastiki na kufuata michoro hatua kwa hatua. Wateja hao hawakuhitaji kufundishwa uvumilivu, walihitaji kuongezewa mota tu. Mwaka 1979 yakaja Rough Rider na Sand Scorcher, magari ya mchangani yaliyoiga hata mikono ya mbele ya Volkswagen ya kobe, huku vyombo vya redio vikiwa vimefungiwa ndani ya kisanduku kisichoingiza vumbi wala maji. Hapo ndipo lami ilipoacha kuwa sharti. Uwanja wowote wa nyuma ya nyumba ulitosha.

Bei ndiyo iliyobaki kikwazo, kwa kuwa magari yale yalijaa vyuma. Mwaka 1984 Tamiya walitoa Grasshopper, lenye chesisi ya plastiki iliyofanana na beseni na mota ndogo ya aina ya 380, na baadaye mwaka huohuo Hornet, karibu gari lilelile lakini lenye mota ya 540 yenye nguvu zaidi. Ekseli yao ya nyuma ilikuwa ngumu, nayo yalirukaruka ovyo kwenye mashimo. Dereva wa mashindano angeyacheka. Hata hivyo, ni magari haya mawili yaliyowaingiza vijana kwa wingi katika mchezo huu, kuliko gari lolote lililowahi kushinda kombe.

Aliyeanza enzi hiyo alinunua gari, lakini ndani ya sanduku hakukuwa na gari. Kulikuwa na mifuko ya skrubu, gia, springi, matairi na kitabu cha michoro. Rimoti, betri na chaja viliuzwa kando, jambo lililowashtua wazazi wengi. Kazi ya jioni kadhaa ilimfundisha mwanafunzi huyo difu inavyogawa mwendo kati ya magurudumu mawili na kwa nini skrubu ikikazwa kupita kiasi hula plastiki. Akiwa mjanja alitoa bushi za plastiki na kuweka beringi siku ileile, kabla mchanga haujazila. Betri ya nikeli-kadmiamu ya volti 7.2 ilidumu kama dakika kumi za kukimbia kwa kasi, kisha kusubiri kukawa kurefu. Kuendesha kwenyewe kulikuwa na fumbo lake: gari likikuelekea, kushoto kwake ni kulia kwako, na kila anayeanza hugonga ukuta kabla akili haijazoea.

Tatizo jingine lilikuwa hewani. Masafa ya megahezi 27 yaligawanywa katika njia sita zilizotambulishwa kwa rangi, kila njia na jozi yake ya kristali. Wawili wakiwa na rangi moja, hakuna anayetawala gari lake. Kwa hiyo vilabu viliweka ubao wenye vibanio: asiye na kibanio cha rangi yake hawashi rimoti. Mgeni alilazimika kusema na wenzake kabla ya kugusa swichi, na hivyo ndivyo wengi walivyopata walimu.

Mwaka huohuo wa 1984 Associated Electrics wa California walitoa RC10, lenye chesisi ya alumini ya rangi ya dhahabu na shokapu za mafuta. Jay Halsey alilitumia kutwaa ubingwa wa dunia wa magari ya magurudumu mawili yenye nguvu, huko Del Mar mwaka 1985. Tangu hapo gari la mashindano na gari la kujifunzia zikawa bidhaa mbili tofauti.

Kisha magari yakaanza kuuzwa yakiwa yameshaunganishwa. Traxxas wa Texas, walioanza mwaka 1986, walijenga jina lao kwa njia hiyo, na T-Maxx lao la mwaka 1999 lilimpa mnunuzi gari la mafuta bila kazi ya kuliunda. Katikati ya miaka ya 2000 rimoti za gigahezi 2.4, zinazojitafutia nafasi hewani, ziliondoa kristali na ubao wa vibanio. Mota zisizo na brashi na betri za lithiamu zikaleta kasi ambayo Hornet haikuiota, pamoja na hatari mpya: betri ya lithiamu ikichajiwa vibaya huweza kuwaka moto.

Kuanza kumekuwa rahisi, lakini wengi sasa hukutana na vipuri kwa mara ya kwanza gari linapovunjika, nao hawajui lilivyofungwa. Tamiya waliirudisha Hornet sokoni mwaka 2004 na Sand Scorcher mwaka 2010, zote zikiwa za kuunganisha kwa mkono. Anayetaka kuujua mchezo huu badala ya kuuonja tu, bado sanduku la vipuri ndilo mwanzo ulio bora.