Mshipa upi?

Mtu wa Pwani akisema "nina mshipa", wasikilizaji hufikiria ngiri au busha. Akisema mshipa umemkaza shingoni, huo ni msuli. Neno hili moja tumelibebesha vena, ateri, neva na kano, kisha, kwa kuona haya, tukaongeza maradhi ya siri. Sasa mwanamume mwenye varikoseli ajieleze vipi?

Maana varikoseli si ngiri, wala si busha lenye maji. Ni vena za juu ya korodani zilizotanuka. Daktari akizipapasa huwa kama fungu la minyoo. Wanaume wapatao 15 katika kila 100 wanayo, na wengi huzaa bila shida. Hutokea zaidi kushoto, ambako vena ya korodani humwaga damu kwenye vena ya figo, nayo hupita katikati ya ateri mbili. Ikibanwa hapo, damu hurudi chini, korodani hupata joto na mbegu huweza kupungua.

Tiba ni kuzifunga vena hizo kwa upasuaji, au kuziziba kwa ndani kwa kupitisha mpira mwembamba. Mbegu hukomaa polepole, hivyo kipimo cha mbegu baada ya tiba husubiri miezi 3 hivi.

Vitabu vya tiba husema "vena", na mimi naliunga mkono neno hilo, ingawa mtaani bado ni mshipa tu. Huko mtaani, mtoto akichelewa, neno linalowatoka mawifi kwanza ni "tasa", nalo huelekezwa kwa mke.