Kunguru wa Garsen na Mgeni wa Kutoka Bara Hindi

Kunguru wa asili katika bonde la Mto Tana ni kunguru rangi mbili, yule mweusi mwenye kifua na ukosi mweupe, ambaye wataalamu wa ndege humwita Corvus albus na ambaye makao yake yameenea kutoka ukingo wa kusini wa Sahara hadi Rasi ya Afrika Kusini, pamoja na Madagaska na Komoro. Mazoea yake na binadamu ni ya kale kuliko mji wenyewe wa Garsen, kwa kuwa nyanda zinazofurika za delta, yaani eneo ambamo mto hugawanyika na kutandaza tope kabla ya kuingia baharini, zilimpa panzi, mchwa, mijusi na mayai ya ndege wengine, huku mifugo ya Waorma na Wawardei ikimwachia mizoga wakati wa kiangazi, nayo mashamba ya Wapokomo yakimpa nafaka, isipokuwa pale alipofukuzwa na watoto walinzi waliokaa juu ya dungu.

Mji haukumfundisha kula makombo. Ulichofanya ni kuyakusanya mahali pamoja. Garsen ilikua pale ambapo barabara itokayo Malindi hukutana na mto kabla ya kuelekea Lamu na Hola, na palipo na njia panda, soko la mifugo na magari ya abiria hapakosi machinjio, vibanda vya chakula na jaa la taka. Ndege aliyezoea kutafuta mzoga mmoja katika mwendo wa kutwa nzima akapata riziki isiyokatika. Milingoti ya simu na ya umeme nayo ilimwongezea mahali pa kujenga tago katika nchi ambayo miti mirefu hupatikana zaidi kandokando ya mto, na vipande vya waya vikaingia katika ujenzi wake pamoja na vijiti. Huko Afrika Kusini, ambako jambo hili limechunguzwa kwa makini, ongezeko la kunguru huyu katika maeneo makavu limehusishwa na milingoti ya umeme pamoja na kupanda kwa joto.

Wahenga walisema kunguru hafugiki, na hawakukosea, maana ndege huyu huishi na watu bila kuwaamini. Majaribio yaliyofanywa Seattle, nchini Marekani, kwa kutumia vinyago, yalionyesha kwamba kunguru wa huko huutambua uso wa mtu aliyewahi kuwakamata, huukumbuka kwa miaka na kuwaonya wenzao. Tahadhari ya namna hiyo ndiyo inayomwezesha kunguru rangi mbili kukaa hatua chache tu kutoka kwa mchinjaji.

Historia ya kunguru wa Bara Hindi, Corvus splendens, ni nyingine kabisa, kwa sababu huyu aliletwa kwa makusudi. Katika miaka ya 1890 utawala wa Kiingereza ulimfikisha Unguja ili asaidie kuondoa taka mjini, na kufikia mwaka 1917 msaidizi huyo alikwisha kuhesabiwa miongoni mwa waharibifu. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, kisha akaenea katika miji ya pwani kuelekea kaskazini, na kwa upande wa bara akaifuata barabara kuu hadi Voi na Mtito Andei. Ni mdogo kidogo kuliko mwenyeji, shingo yake ni ya kijivu, naye hajulikani kuishi popote mbali na makazi ya watu. Hulala kwa makundi makubwa na hushambulia kwa pamoja, ndiyo maana katika miji kama Mombasa na Dar es Salaam kunguru rangi mbili amesukumwa pembeni.

Kwa delta ya Tana, hatari kubwa zaidi ya mgeni huyu iko kwenye mayai na makinda. Delta hiyo, iliyoorodheshwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar, yaani makubaliano ya kimataifa ya kulinda ardhi oevu, ina zaidi ya hekta 160,000, na ni miongoni mwa sehemu chache za Kenya ambako yangeyange, korongo na ndege wengine wa majini hutaga kwa makundi makubwa. Mkusanyiko wa matago ya namna hiyo ni karamu kwa mwizi wa mayai anayewinda kwa kundi.

Kampeni za awali dhidi ya kunguru wa Bara Hindi katika pwani ya Kenya zilitumia Starlicide, sumu inayoua polepole, saa nyingi baada ya kuliwa, na ambayo husagika mwilini mwa ndege kiasi cha kupunguza madhara kwa anayeula mzoga wake. Matumizi yake yalikoma baada ya uingizaji wake kuzuiwa mwaka 2005, na kunguru wakaongezeka tena hadi mwaka 2024, wakati Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya lilipotangaza mpango wa kuwaangamiza ndege milioni 1. Kabla ya sumu kutegwa, nyama isiyo na sumu hutangulizwa ili ijulikane ni ndege gani wanaofika. Hoteli ya ufukweni ambayo kunguru wa Bara Hindi wameitawala haina utata mkubwa; machinjio ya mji wa bondeni, ambako kunguru rangi mbili, mwewe na tai hugombea mabaki yale yale, hudai uangalifu ambao kampeni inayopimwa kwa idadi ya waliokufa haiupi nafasi kwa urahisi.